Makopa Juu ya Sola

Mama yangu alinipa jina la mama yake mzazi, kwa hiyo hajawahi kuniita kwa jina. Tangu nikiwa mtoto wa kubebwa mgongoni aliniita "mama". Nikifanya vizuri, mama; nikimwaga mboga, nilichapwa huku naitwa mama. Nimekuwa mtu mzima, nimezaa, nimefikia umri wa kuogopwa na wateja wangu, na bado kwake nilikuwa mama. Siku mikorosho yake ilipokatwa ili shamba lijengwe sola, jina hilo lilikoma. Nikawa "wewe". Siku nyingine hata hiyo "wewe" haikutoka, alinyooshea mdomo tu upande niliokaa.

Niseme mapema kwamba kwenye kukata mikorosho ile sikuona kosa, na mpaka leo silioni. Lakini mtu anaweza kuwa na haki na bado mama yake asimwite jina. Mambo hayo mawili yalikaa nyumba moja, na nyumba yenyewe ilikuwa yetu.

Kijiji chetu kiko upande wa Ruponda, wilaya ya Nachingwea. Nguzo za umeme ziliishia barabara kubwa, sisi tukawa tunazipita tukienda sokoni na kurudi gizani. Mimi ni mtu wa mashine ya kusaga. Kwa miaka mingi mashine yangu ilikuwa ya dizeli, na ile mashine ilinizeesha. Ilikuwa inakohoa, inavuja, mkanda unaruka, na mafuta yakiisha sharti mtu atoke na dumu mpaka Nachingwea mjini. Ili usikike pale ndani ilibidi upige kelele. Wateja wanasema nimezoea kuifokea mashine mpaka nafokea na watu, na siwezi kuwabishia.

Kwa hiyo watu wa sola walipokuja, mimi ndiye niliyewakaribisha kwa mikono miwili. Haikuwa ile sola ya juu ya bati, ya taa na kuchaji simu, ambayo kila nyumba tunayo. Walitaka kujenga mtambo mzima, shamba la paneli, wa kulisha kijiji na vitongoji vyake, na kuendesha mashine. Fundi wao alikuwa binti wa Dar es Salaam, mwembamba, amevaa buti za wanaume, na alijua kueleza. Alituambia kitu kinachofanya umeme wa jua uwe ghali ni betri za kuutunza mpaka usiku, jua lenyewe halina bei. Wao walikuwa wamefikiria njia nyingine: betri ziwe chache, za kutosha taa na televisheni, na kazi nzito zote zifanyike jua likiwa utosini. Kusaga, kukamua mafuta ya ufuta, kuvuta maji, vyote saa za mchana. Na ili gharama ishuke zaidi, paneli zingekaa kwenye fremu za mbao badala ya chuma, chini chini, usawa wa kiuno, na uzio ungekuwa wa minyaa iliyopandwa badala ya waya. Kila walichoweza kukipata hapa hapa hawakukileta kutoka mbali. Mimi nilimwelewa haraka, maana nimeishi na bei ya dizeli.

Eneo lililofaa lilikuwa letu. Ni mwinuko, hakuna nyumba karibu ya kutia kivuli, na mashine yangu iko ng'ambo tu, kando ya barabara. Tatizo lilikuwa mikorosho ya mama. Ilikuwa mizee, inashambuliwa na ugonjwa wa ubwiriunga kila msimu, tunapuliza dawa na bado inatoa korosho za aibu. Kwetu Wamwera jambo la ardhi ya ukoo anaulizwa mjomba. Mjomba akaja, akaizunguka ile miti, akasema itolewe, na fidia ya kila mti ikaandikwa. Mama alikuwa amekaa nyuma ya wanaume, ameshikilia ncha ya khanga yake. Hakuulizwa na hakusema. Mimi nilisema sana siku ile, kwa sababu nilitaka ule umeme kuliko mtu yeyote pale.

Miti ikaangushwa. Pamoja nayo wakasafisha kila kilichokuwepo: vichaka, kichuguu, na kichanja cha miti ambacho mama alikuwa anaanikia makopa yake, yaani muhogo uliomenywa na kupasuliwa kwa ajili ya unga. Mikorosho ilihesabiwa. Kichanja hakuna aliyekitaja, wala mimi sikukikumbuka.

Mtambo ulipowashwa, kijiji kilishangilia wiki nzima. Mashine yangu mpya ya umeme ilikuwa inasaga kwa sauti ya mtu anayenong'ona, ukilinganisha na ile ya zamani. Kina mama walikuja na ndoo zao adhuhuri, saa ambayo zamani hakuna aliyekanyaga kwangu, kwa sababu tulikubaliana unga wa mchana uwe nafuu. Mama yangu hakuja. Alitoa kinu chake uani, akatwanga makopa kila alfajiri, chini ya dirisha langu. Nilikuwa naamka kwa ule mdundo, na nilijua fika kwamba kila pigo lilinilenga mimi.

Nilijipa moyo kwamba ipo siku ataona faida, na siku hiyo atanirudishia jina langu. Ndiyo maana kilichotokea kiangazi kile kiliniumiza kupita wengine.

Mashine ilianza kulegea. Anga jeupe, hakuna hata wingu, jua la Nachingwea unalolijua, na mashine inazunguka kama inavutwa na mtu mwenye homa. Unga unatoka na chenga. Kwanza ilikuwa kwa muda wa saa moja hivi katikati ya mchana, halafu ikawa tangu asubuhi jua linapopamba moto mpaka karibu na alasiri. Alasiri inapona yenyewe, inapiga vizuri, wakati wateja wameshaondoka na ndoo zao kwenda kwenye dizeli ya kijiji jirani. Mwenye mashine ya kukamua ufuta akasema anarudisha injini yake. Watu wakaanza kusema sola ni ya taa tu, ndiyo maana serikali inavuta nguzo.

Fundi akaja na pikipiki kutoka Nachingwea, akafika alasiri, akapima, kila kitu kizima. Akaja tena, alasiri, akabadilisha nyaya, kila kitu kizima. Binti wa watu alikuwa na uso wa mtu asiyelala. Ofisi yao iliona kwenye simu kwamba umeme unaanguka mchana, lakini simu haisemi kwa nini. Akaniambia kwa upole kwamba wakubwa wake wameanza kuchoka. Kule Likunja, wilaya ya Ruangwa, watu walikuwa wanauomba mtambo kwa barua na kwa wajumbe. Fremu za mbao zinafunguka, paneli zinabebeka. Kama huku hakutengemai, mtambo wote ungepakiwa kwenye lori na kupelekwa huko.

Usiku ule sikula. Niliuona uwanja mtupu akilini, visiki, na mama akiupita kila siku kwenda kisimani. Mikorosho ingekuwa imekatwa bure, na kinywa kilichosema sana siku ile kilikuwa changu. Niliogopa, sina neno lingine.

Safari ya mwisho fundi alifika mchana, kwa sababu alipata gari la kumsogeza. Nikafunga mashine nikamfuata. Mlinzi, ambaye ni mtoto wa mama mdogo, alitufungulia geti akicheka cheka, akatusalimu. Tulipita mistari ya mbele, paneli zimelala kidogo kuelekea kaskazini, zina vumbi jekundu la barabarani, lakini ziko wazi. Tukashuka mistari ya chini, karibu na minyaa, pale ilipokuwa mikorosho yenyewe. Hapo tukasimama wote wawili.

Paneli zilikuwa nyeupe pee. Makopa yalikuwa yametandazwa juu yake, kipande kando ya kipande, kwa mpangilio wa kupendeza kabisa, mstari mzima na mstari uliofuata. Mengine yalikuwa ya mama, nilimjua kwa namna anavyopasua. Mengine yalikuwa ya majirani, wale wale waliokuwa wananinung'unikia kwamba mashine haina nguvu. Na mwisho wa mstari, juu ya kigoda, chini ya mwavuli uliovunjika ubavu, alikuwa amekaa mama yangu na fimbo ya kufukuzia kunguru.

Mlinzi hakuona ajabu yoyote. Alisema mama mkubwa alifika akasema anaanika, na kila alasiri huyaanua, naye angewezaje kumzuia mama mkubwa asiingie kwenye shamba lake mwenyewe? Wengine walipomwona yeye ameanika, walidhani ni mpango wa familia. Na hakuna aliyekuja kuniuliza mimi, kwa sababu, akasema huku ameangalia chini, nina maneno makali.

Hapo nikayaonyesha hayo maneno makali. Nilifoka. Nilimuuliza mama kwa Kimwera kama anajua anachokifanya, kama anajua lori linakuja, kama anataka nichekwe na wilaya mbili. Alinisubiri nimalize. Kisha akajibu kwa Kiswahili, ambacho huwa hakipendi, ili fundi naye asikie.

"Mlivunja kichanja changu," alisema. "Mkajenga kingine kikubwa, cha kioo, kuku hafiki, mbuzi hafiki, mchanga hakuna. Nikasema sawa, wamenilipa."

"Mbona hukuniuliza?"

"Na wewe uliniuliza?"

Yeye hakuwa anakejeli hata kidogo. Kwa mtu aliyenyang'anywa kichanja bila neno, akaona mahali pale pale pamejengwa meza ndefu, safi, zinazopata joto, zenye mwinamo wa kutosha maji yashuke, hakukuwa na maana nyingine ya kutafuta. Nani aanike kwenye mkeka chini wakati kuna meza? Ningekuwa si mtu wa mashine, labda na mimi ningeanika.

Fundi alikuwa amekaa kwenye udongo anacheka mpaka machozi. Kisha akajifuta macho, akatuomba tuyatoe makopa. Alieleza, nami nikamfafanulia mama kwa Kimwera, kwamba paneli za mstari mmoja zimeshikana mikono, ukiifunika moja zote zinalegea. Mama alisikiliza. Aliinuka akaanza kuyakusanya kwenye ungo bila kinyongo, akisema mngesema mapema.

Tulipomaliza, fundi akafungua simu yake kuangalia kila mstari unatoa nini. Akaiangalia, akaifuta kioo na shati, akaiangalia tena. Akaniita.

"Mama, njoo uone. Huu mstari wa bibi unapiga kuliko yote."

Ilikuwa kweli. Mistari ya mbele, ambayo haikuwahi kuanikwa kitu, ilikuwa inatoa kidogo kuliko ile ya chini. Fundi akapitisha kidole kwenye paneli ya mbele, kikatoka chekundu. Akapitisha kwenye paneli ya mama, kikatoka safi. Akamuuliza mama kama huwa anazifuta. Mama alimtazama kwa mshangao. Alisema kila asubuhi anazipangusa kwa maji na khanga chakavu, kwani yeye ni mtu wa kuanika chakula kwenye vumbi?

Lile vumbi lilikuwa linakula umeme wa kampuni tangu siku ya kwanza, na kumlipa mtu wa kupangusa shamba zima kila siku kulikuwa ni jambo walilolikwepa ili bei yetu isipande. Mama na wenzake walikuwa wanaifanya kazi ile bila kuambiwa, kwa ajili ya makopa, halafu wanaifuta faida yake kwa kuyaanika juu. Fundi akapiga simu ofisini hapo hapo, anatembea huku na huku kati ya mistari. Aliporudi alisema tumepewa muda mpaka mwisho wa kiangazi.

Hatukupata dawa mara moja. Kwanza tulijenga vichanja vya mianzi katikati ya mistari, fundi akakosa njia ya kupita, na umande wa usiku ukawa unaloanisha kila kitu. Tukavihamishia chini ya paneli moja kwa moja. Kule chini kuna joto zuri, lakini jua halifiki, makopa yakaota ukungu na mama akayamwaga kwa hasira zinazofanana na zangu. Nilirudi mashineni nimevurugika. Droo ya meza yangu ilikuwa imekwama, nikaivuta kwa nguvu zote mpaka ikanijia tumboni. Nikakaa nayo mapajani naiangalia.

Seremala wa Ruponda alituchongea vichanja vya kuvuta, kama zile droo. Kila kimoja kinakaa chini ya paneli juu ya reli mbili za mbao zilizopakwa sabuni. Asubuhi kina mama wanapangusa paneli, kisha wanavuta vichanja nje kwenye jua. Jioni, au mvua ya ghafla ikinyesha, wanavisukuma ndani, paneli zinakuwa paa. Makopa yanakauka meupe, hayana mchanga wala mavi ya kuku, na wanunuzi wameanza kuyachagua. Kampuni haimlipi mtu wa kupangusa, na kina mama hawalipii nafasi ya kuanika. Bei ya umeme ilibaki pale pale, betri zilibaki chache, na mashine yangu ikarudi kusaga kwa nguvu adhuhuri kama ilivyoahidiwa.

Lori halikuja. Likunja walipata mtambo wao wenyewe, ambao vichanja vyake vya kuvuta viliwekwa kabla hata ya paneli kufungwa. Watu wa kampuni walimpakia mama kwenye gari lao akawaonyeshe kina mama wa kule namna ya kupangusa bila kukwaruza. Wanasema aliwafokea sana. Alirudi jioni na khanga mpya na kuku wawili wa zawadi, amekaa siti ya mbele, na hakunisimulia kitu. Nilisimuliwa na fundi.

Maana nilikuwa bado ni "wewe". Nilishajiambia basi, mtambo umebaki, mikorosho haikukatwa bure, hilo linatosha. Halikutosha. Kinu bado kilikuwa kinalia alfajiri, na mimi bado nilikuwa nalala chali nikikisikiliza.

Halafu asubuhi moja sikukisikia. Niliamka kwa kushtuka, nikafikiri anaumwa, nikatoka uani mbio. Kinu kilikuwa kimeinamishwa ukutani, mchi pembeni, na mama hayupo. Alikuwa ameshakwenda kupangusa. Sikuthubutu kumfuata.

Jua lilipofika utosini nilikuwa mashineni na foleni ya wateja mpaka nje. Mama akaingia na ungo kichwani. Alivaa khanga mpya, ile aliyopewa Likunja. Wateja wakampisha mbele, hata wale wenye haraka. Hakunisalimia. Alikagua mashine kuanzia juu mpaka chini, akaushusha ungo, akamimina makopa yake mwenyewe. Nikawasha swichi.

Unga ukaanza kushuka. Aliinama, akachota kidogo, akausugua kati ya vidole kama alivyonifundisha mimi nikiwa mdogo, akauonja kwa ncha ya ulimi. Nilimsubiri. Watu wote walimsubiri.

"Una chenga," alisema. "Rudia, mama."

Nikazima mashine, nikaugeukia ukuta, nikawapa mgongo wote waliokuwepo mpaka macho yalipokauka, kisha nikaurudisha unga wake juu nikausaga upya.